Nyota Kwenye Paa la Behewa

Jumanne, 8 Aprili 2025
Siku ya kumi na saba ya kuwa mke wa Ephantus! Amerudi na vumbi la chuma kwenye nyusi, nikampangusa kwa leso. Alikula githeri huku akinichorea behewa lao la mizigo kwa kidole mezani. Mabehewa ya zamani yalikuwa na paa tambarare, maji yakituama mpaka yanatoboa. Hili la Injinia Jeruto lina paa lililopinda, mlango wa kuteleza, na matundu ya hewa yenye vifuniko kama kope za macho. Litabeba mahindi ya wakulima wa Bahati. Likifaulu, karakana yao itaunda mengine ishirini. Nani mwingine ameolewa na mtu anayeongea hivi kuhusu paa?

Ijumaa, 11 Aprili
Nimekaa gizani na mume wangu. Niandike vizuri nisisahau.
Nilimpelekea chakula, nikakuta ni siku ya kupima giza. Behewa likiisha kuundwa, watu wawili hufungiwa ndani, matundu yanazibwa, wanakaa nusu saa mpaka macho yazoee. Panapopenya mwanga, hata wa tundu la sindano, mvua nayo itapenya. Wanapaweka alama ya chaki. Jerry, aliyemsimamia Ephantus kwenye arusi yetu, alikuwa ametumwa Molo. Injinia Jeruto akaniangalia, akacheka, akasema bibi arusi ana macho mapya, aingie yeye.
Lile giza! Harufu ya rangi. Ephantus alinishika mkono akaanza kunijengea nyumba yetu ya Dundori kwa maneno, chumba baada ya chumba, mpaka dirisha la jikoni. Juu kwenye kona, nyuma ya bega lake, nikaona nyota moja. Ndogo mno. Kama imewekwa hapo kwa ajili yetu. Nilitaka kumwambia. Lakini angeinuka, angetafuta chaki, na nyumba yetu ingekatikia jikoni. Nikanyamaza. Mlango ulipofunguliwa nyota ikapotea, nami nikaiacha ipotee.
Aliandika majina yetu kwa chaki nyuma ya mlango. Ephantus na Cate.

Jumapili, 20 Aprili
Pasaka. Behewa liliondoka Alhamisi. Mvua tangu Ijumaa, haijapumzika. Nimeimba kanisani bila kusikia ninachoimba.

Jumatano, 23 Aprili
Magunia thelathini na moja yamelowa. Yameota ukungu — wakulima wameambiwa hata ng'ombe wasipewe. Mathe mmoja, mama mkulima wa Bahati, amekaa langoni pa karakana tangu asubuhi.
Tundu liko kwenye kona ya paa. Sikuuliza kona gani.
Ephantus anaapa halikuwepo. Anasema ni wapakiaji, waliegemeza ngazi ya chuma pale juu. Aliyesimamia upakiaji ni Jerry.

Ijumaa, 25 Aprili
Jerry amesimamishwa kazi. Alipita hapa mchana, akakataa chai. Alisema mara mbili, bila kupaza sauti, "Ephantus, ngazi haikugusa hiyo kona." Ephantus akamjibu kwa upole — na huo upole ndio ulioniumiza — kwamba nusu saa nzima tulikaa mle tukiangalia, yeye na mimi. Jerry akanigeukia. Nikaenda jikoni kuangalia maziwa. Hakukuwa na maziwa motoni.

Jumamosi, 26 Aprili
Injinia Jeruto ameita watu wote karakana saa nne, Jerry pia. Ephantus ndiye aliyeomba. Amewaambia ana shahidi, na jina lake lipo nyuma ya mlango.
Hajawahi kuniuliza. Hata mara moja! Siku thelathini na tano za ndoa, na haijamjia akilini kwamba kuna la kuuliza. Nikisema, kazi inayopotea ni yake, na labda yale mabehewa ishirini. Nisiposema ni ya Jerry. Tangu asubuhi nimefungua mdomo mara tatu. Mara zote nikamuuliza kama anataka chai.
Amemaliza kuning'arishia viatu, anaimba. Sasa yuko mlangoni, ananitania kwamba hawatanila.
"Wewe sema tu ulichoona, mpenzi."
Nimemwambia aketi kwanza. Ameketi, viatu vyangu mapajani. Ameacha kuimba. Ananingoja nimalize kuandika.