Picha Aliyoahidi Shadia

S.L.P. 61,
Kasulu, Kigoma.
16 Novemba, 2014.

Mpendwa mpwa wangu Lukmani,

Salamu nyingi zikufikie huko Maskati, zikukute mzima na kazi ya hoteli haijakuvunja mgongo. Afya yako vipi? Kile kifua cha tangu utotoni kimetulia, au joto la huko limekikausha moja kwa moja? Sisi tunapumua, alhamdulillahi. Mama yako, dada yangu Zuleha, hajambo. Alikaa nasi hapa mpaka arobaini ikaisha, ndipo akarudi Kibondo.

Mvua zimeshika. Maharage yangu ya Kagerankanda yamestawi hivi kwamba mtu akiingia shambani asubuhi hutoka jioni akiulizia njia. Wenye wivu wanasema naongeza chumvi. Waje waone.

Lukmani, habari ya dada yako Shadia, binti yangu, nilikupigia simu siku ileile, lakini vocha iliisha wewe unalia na mimi nalia, hatukusemezana neno. Kilio kile hakikutosha kwenye vocha. Ndiyo maana nimeshika kalamu, mimi niliyeishia darasa la tano, tena kwa hiari yangu, maana walimu walikuwa wameanza kuniuliza mimi yale yaliyowashinda wao.

Homa ilimshika Jumatatu akiwa anacheka. Alhamisi tukamzika. Unanijua, jambo la dakika tano nalisimulia mpaka wali unapoa. Hili sina cha kuongeza.

Sasa nikueleze usilolijua. Shadia alikuwa na watu wake mtandaoni, aliwapata kwa simu yake ile yenye kioo kilichopasuka. Ni watu wa nchi nyingi, hawajuani sura. Wanaunda kompyuta kwa mikono yao na kufundishana, na mwenye kipuri cha ziada humpa asiye nacho, bure. Nilimwambia, "Mwanangu, bure ya mtu usiyemwona ina mkia." Akanijibu, "Baba, mkia wake ni picha tu." Sharti lao lilikuwa hilo moja: ukimaliza kuunda, uwawekee picha, mashine inawaka na wewe mwenyewe uko pembeni yake. Akaandika kwamba anaahidi. Alikuwa anataka kufungua kibanda cha kuchapa barua za watu, na jioni awafundishe mabinti wa hapa mtaani.

Vipuri vikaja posta kimojakimoja, kasha, mazabodi, ramu ya kutunzia kumbukumbu. Akikwama alikuwa anawatumia picha, nao wanamjibu hapo umegeuza, chomoa taratibu, rudia. Siku moja nilinyoosha mkono nishike ile mazabodi, ubao ambao vipuri vyote hukaa juu yake. Akanipiga vidole.

"Baba, shika kwanza chuma cha dirisha. Mwili una umeme, utaiua."

"Umeme wangu mimi?"

"Wako hasa."

Basi nikatangaza sokoni kwamba Mzee Nurudini ana umeme kuushinda wa jenereta ya mji, na kwamba Wazungu wameandika barua kuonya nisisogee karibu na vyombo vyao. Watu walicheka wiki nzima. Shadia alicheka kuliko wote.

Ikabaki pawa saplai, ile inayoilisha mashine umeme. Ilikuwa njiani alipotutoka.

Siku ya maziko, kabla hatujaondoka kaburini, Mzee Hamis wa msikitini alitangaza kama ilivyo desturi, mwenye kumdai marehemu aje kwa baba yake, au amsamehe hapohapo. Havyarimana fundi redio akasema, "Aliazima bisibisi yangu ndogo. Nimemsamehe, alale." Mzee Hamis akauliza, nani mwingine. Mimi nilijua liko deni jingine, na wenye kudai hawakuwepo, hawajui hata Kasulu iko wapi. Nikafungua mdomo niseme. Mdomo huuhuu, Lukmani. Haukutoa kitu.

Wiki iliyofuata kifurushi kikafika posta. Pasikali, yule mhudumu mgeni, akaniambia, "Mzee, hiki kina jina la Shadia. Mwenyewe aje asaini." Nyuma yangu foleni ndefu. Nikamwambia, "Yuko mbali kidogo." Mtu mmoja akapita mbele akamnong'oneza. Pasikali akavua kofia, akanisogezea kalamu bila kuniangalia.

Mama yake Shadia hakutaka kifunguliwe. Nikakiweka mvunguni mpaka baada ya arobaini. Ndipo akaja Benita, Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu, rafiki yake Shadia waliyejifunza naye hayo mambo. Akasema, "Papa, bale batu banauliza kila siku, Shadia iko wapi. Mi nibajibu nini?" Nikamwambia asijibu kitu kwanza. Akakifungua kifurushi, akaifunga ile pawa saplai kwenye mashine, akabonyeza, feni ikazunguka, mashine ikawaka. Mama yake Shadia akatoka nje, akasimama kwenye pipa la maji mpaka ilipozimwa.

Benita akanisomea yale Shadia aliyokuwa akiwaandikia. Kumbe Shadia aliwapelekea habari zangu zote, na ile ya chui niliyemburuta mkia kutoka Kagerankanda mpaka barabarani. Hakuwaambia kwamba baba yake ana maneno mengi. Aliwaambia tu, baba yangu alifanya hivi. Nao wakawa wanauliza, baba hajambo? Na chui je?

Benita alitaka kupiga picha ya mashine peke yake. Nikakataa. Walichoahidiwa ni Shadia na mashine yake. Akisimama Benita pale ni uongo, nikisimama mimi ni uongo, na uongo wa namna hiyo mimi siujui. Nikakataa pia asiwape yeye tanzia. Msiba hupelekwa na mtu wa damu, hauachiwi jirani. Ndugu yake mwenye Kiingereza ni wewe.

Kwa hiyo nakutuma, mwanangu. Benita atakutumia jina la ukurasa wao. Waambie Shadia amefariki. Waambie mashine inawaka, kitu chao hakikuliwa wala hakikuuzwa, na mabinti wa mtaani wataanza kufundishwa na Benita siku anazopata kibali cha kutoka kambini. Kisha waulize kama wanamsamehe ile picha.

Msalimie sana mkeo na mtoto, na Wakigoma wote wanaokujua huko. Mama yake Shadia anakusalimu, ingawa siku hizi salamu zake ni za kichwa tu. Wadogo zako Zuhra na Tharsisi wa jirani wanakuulizia. Mungu akufungulie riziki, akurudishe kwetu ukiwa unatembea kwa miguu yako.

Wale watu wakijibu, usinitafsirie. Yaandike maneno yao kwa Kiingereza hichohicho, kwa herufi kubwa ninazoweza kuzifuata. Nitakwenda nayo kaburini kwake niyasome, hata ulimi ukipinda. Hawanijibu mimi. Wanamjibu yeye, na yeye anakielewa.

Nikupendaye daima,
Mjomba wako,
Nurudini