Faili Langu na Koti la Ndabibi

Tallinn, Jumapili

Mpenzi Mama Imani,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi ambayo hata masikio yanaikataa. Hamjambo huko Free Area? Kile kikohozi cha Imani kimeisha? Mimi ni mzima, ila wiki hii nilikaribia kurudishwa nyumbani, na kosa ni lile lile la kwenu Ndabibi.

Unajua nilikuwa kwa majaribio kazini, na kama ningefeli, safari yenu ya kuja huku ingekufa. Basi niliandika programu ya kupanga zamu za wafanyakazi. Kila mtu anachagua lugha yake na rangi zake, na programu inayaandika hayo kwenye faili ili isiyasahau. Mimi nikaliacha faili palipo wazi, katikati ya picha na barua za mwenye kompyuta. Wateja wakauliza, hili ni la nani? Mmoja alilifuta akidhani ni takataka.

Mkubwa wangu Kadri, mama mpole asiyecheka, akaniambia nilitoe hapo. Kwa ujuaji wangu nikalisukuma hadi ndani kabisa, kwenye folda ya programu yenyewe. Kwangu ilikubali, maana kompyuta yangu mimi ndiye mwenye ruhusa zote. Kwa wateja wasio na ruhusa hizo, Windows ilikataa katakata kuandika humo. Kila asubuhi programu ilikuwa imesahau yote, inawasalimu Wajerumani kwa Kiestonia, lugha ya huku. Simu zililia hadi nikatamani kujifungia chooni.

Kadri akaniita. "Kila kompyuta ina mahali pake pa vitu hivi," alisema. "Kwa nini hukuuliza?"

Aibu yote ikanirudia: mvua ya Ndabibi, koti limelowa, nami nimeshika kitasa cha chumba cha kulala cha mama yako nikitafuta pa kulianika. Mjomba wako akasema, "Wewe mkwe, huko ndani unaenda kutafuta nini?" Nikatozwa jogoo, na mama yako hakunitazama usoni hadi Krismasi.

Kumbe Windows ina AppData, Mac ina Library, Linux ina folda iliyofichwa inayoitwa .config. Na kuna watu wamehamisha zao, kwa hivyo hukisii. Programu inabisha hodi, inauliza, inaelekezwa. Nilirekebisha kwa siku mbili, nikajaribu kwenye kompyuta za watu wengine, si yangu. Ijumaa Kadri akatia sahihi. Nimeajiriwa, Mama Imani. Nilikaa kwenye ngazi nikalia kama mtoto.

Mwambie mama mkwe jogoo wangu hakuliwa bure. Nisalimie mjomba, na shemeji Wekesa fundi wa simu, yeye atanicheka vizuri. Imani mbusu kwa niaba yangu.

Nyumba niliyopata ina kabati moja kubwa. Sijaweka kitu ndani, nguo zangu bado ziko kwenye sanduku. Nangoja uje uniambie nini kinakaa wapi.

Mumeo, anayeuliza kwanza siku hizi,
Baba Imani