Kamera Yako ya Plastiki Imemchekesha Nyangeta

Baba Nyangeta,

Naanza na habari yenyewe, maana nakujua, hukuwaga na subira. Nyangeta ameolewa, na amecheka. Amecheka mpaka akakaa chini na gauni lake jeupe. Na aliyemchekesha ni mimi mkeo, na hicho kidude chako cha plastiki.

Najua unashangaa. Si mimi niliyekuwa nakwambia uwape watoto wachezee? Tulia basi nikueleze.

Tangu tukuzike, binti yako alijifunga uso. Alikuuguza yeye, unajua mwenyewe, mpaka kijiko cha mwisho cha uji. Baada ya hapo alikuwa anapika, anakwenda kanisani, anasalimia watu vizuri, ila kicheko hakuna. Kaka zangu wakasema ni aibu ya mchumba. Aibu gani! Siku moja nilimbana, akaniambia, "Mama, nikicheka naona kama nimemsahau baba." Baba Nyangeta, niliogopa. Nilimwona anakwenda kuolewa Mugeta kwa watu na uso ule, azoee hivyo, azeeke hivyo. Nilikuombea wewe upumzike, halafu nikamwombea yeye acheke. Mchungaji angenisikia sijui angesemaje.

Mjini kumebadilika. Tangu ruksa ya biashara iingie, maduka yamejaa. Sabuni tuliyokuwa tunaipangia foleni, siku hizi unachagua harufu. Na pale mtaa wa Mukendo wamejaa vijana wa picha za rangi. Filamu wanapeleka Mwanza, zikirudi zinang'aa mpaka unahesabu vifungo vya shati. Nzuri, sikatai. Ila watu wote wamesimama mikono chini, wamebana midomo, wanasubiri flashi iwapige. Ukiangalia unaona nguo tu ndizo zimepigwa picha.

Zako nimezitoa sandukuni, nimezipanga kitandani upande wako. Katikati panaonekana, pembeni giza, na kwingine mwanga umepenya ukachora mstari mweupe. Yule Sista wa misheni alipokuachia ile kamera akirudi kwao, ilikuwa imepasuka mgongoni, ukaiziba kwa mpira wa tyubu ya baiskeli yako ya kwendea kiwanda cha pamba. Nikakucheka. Miaka hiyo sukari hatuna, wewe unamsubiri mtu wa meli akuletee filamu kutoka Kisumu! Nikikwambia picha zako zina ukungu, unanijibu, "Hata wewe Mama Nyangeta ukiniangalia huoni pembeni." Mwanaume mwenye majibu wewe!

Ila nimeangalia ile ya mama yako kule Butiama. Unakumbuka mpiga picha wa serikali alivyokuja na stendi yake ya miguu mitatu? Mama aligeuka gogo. Halafu wewe ukatoa kidude chako, akakuuliza, "Mwanangu, hilo ni kopo la nini?" Akaanza kucheka, na wewe ukabonyeza. Kwenye picha meno yake yote matatu yako nje. Zamani nilidhani ulikuwa unabahatisha. Kumbe watu walikuwa wanaicheka kamera yako, na wewe unawachukua hapo hapo kabla hawajarudisha uso. Nimechelewa kuelewa, nisamehe.

Na ile ya kwaya! Ulisahau kuzungusha filamu, maana kamera hiyo haikuzuii, unabonyeza mara mbili pale pale. Kwaya nzima ya kanisa ikatokea inaimba juu ya fungu la sangara. Nilidhani watakufukuza ushirika. Mwalimu wa kwaya akataka nakala tatu.

Sasa siku ya harusi. Tuko hapa nyumbani Bweri, asubuhi, kabla ya kwenda kanisani. Kijana wa Mukendo amefika na kamera yake ya rangi na miwani ya jua. "Bibi harusi, tabasamu." Nyangeta anavuta midomo. "Tabasamu zaidi." Anavuta tena. Jamani, ilikuwa kama anaumwa jino. Shangazi zake wakaanza kunong'ona. Mimi nikaingia ndani, nikakaa kitandani, nikalia. Nikakusema sana. Nikakuuliza kwa nini umeniachia kazi hii peke yangu.

Halafu nikaibeba kamera yako. Filamu nilishaiweka wiki ile, fundi wako wa zamani wa picha nyeusi na nyeupe alinifundisha. Nikatoka nayo mbele ya watu wote. Kitenge kimenikaa upande, kilemba kimelegea. Nikapiga goti kama ulivyokuwa unapigaga wewe, nikafumba jicho moja, nikachungulia. Nilimwona mwanangu vizuri kabisa. Nikabonyeza.

Akaniangalia. Akasema, "Mama, kifuniko!"

Yesu wangu! Kile kitundu cha kuchungulia kiko juu, chenyewe kinaona kila kitu, kumbe lenzi nimeifunika na kifuniko chake. Nilikuwa nimepiga picha ya giza! Nikasema, "Kimya, najua ninachofanya," huku nang'ang'ana kukitoa, hakitoki, nimekivuta kwa meno. Hapo ndipo alipolipuka. Alicheka akashika tumbo, akacheka akakaa chini, shangazi zake wanapiga kelele gauni, gauni! Na mimi kwa hasira nikabonyeza tena.

Nilipofika kanisani ndipo nikakumbuka sikuzungusha filamu. Nikajua nimeiharibu, nimepiga juu ya nyingine kama ile kwaya. Ibada nzima nilikuwa nasikitika.

Wiki mbili baadaye fundi ametoka chumbani kwake anacheka peke yake. Akanieleza: ya kwanza ilikuwa na kifuniko, haikuchora kitu. Kwa hiyo ya pili imekuta mahali peupe. Makosa yangu mawili yamezaa picha moja, Baba Nyangeta! Yuko chini kwenye mchanga wa uwanja wetu, gauni limemfunika kama povu, kichwa amekirusha nyuma. Pembeni giza, na mstari wako mweupe umepita begani.

Nilimpelekea Mugeta mwenyewe. Aliishika muda mrefu, mpaka mama mkwe wake akaja kuchungulia. Nikaogopa atalia. Akasema, "Mama, siku hiyo nilikuwa nimemkumbuka baba vibaya sana, na bado nikacheka." Halafu akacheka tena, taratibu, akaenda kutuwekea chai. Nilimsikia jikoni anaimba.

Sasa lala, mume wangu. Usimwangalie tena kwa wasiwasi, yuko sawa. Mimi nakulilia bado, hasa jioni nikirudi sokoni, lakini si kila jioni. Nakuahidi sitaacha mtu wa nyumba yako akae na uso uliofungwa wakati nina filamu.

Na hili nalo ulijue. Nilipokuwa naondoka, binti yako aliniomba kamera ibaki kwake, awe na kitu chako. Nimemnyima. Nimemnyima kabisa, nikaifunga kwenye kitenge changu, nikapanda gari.

Mimi mkeo,
Mama Nyangeta, mpiga picha.