Disketi ya Ufunguo

Msambweni, 14 Agosti 1999

Kaka Adnan,

Shikamoo. Mama hajambo, na mbuzi wako amezaa.

Lakini nina hasira. Ule ufunguo wa siri ulionipa kwenye disketi, ili niingie kwenye kompyuta ya chuo chenu nisome vitabu ulivyoniwekea, Mjomba Mwinyihaji ameunakili akawagawia wenzake ofisini. Wanaingia kwa jina lako! Nilipomlalamikia alicheka: "Hata wa nyumba tunamwachia jirani, mwanangu, sembuse huu wa disketi!"

Jana niliingia kwa mara ya mwisho, nikaandika amri ya kuufuta mstari unaoutambua ufunguo huo. Sasa haumfungulii mtu yeyote, hata mimi. Ndiyo maana nakuandikia kwa karatasi.

Nduguyo mwenye hasira bado,
Nusaiba