Kiema, Nyumba Yako Ilikuwa na Magurudumu

Mwaka umetimia, ndugu yetu Kiema Mutie, tangu tukuzike hapa Mbumbuni mbele ya nyumba ambamo hukuwahi kulala hata siku moja. Majonzi tunayo, lakini aibu imeyatangulia.

Ulikuwa fundi wa pampu za visima. Kutoka Kwa Vonza hadi vijiji vya mbali vya Kitui, watu walikupigia simu maji yakikatika, nawe hukukataa, hata Jumapili baada ya ibada. Ulilala penye nafasi: ghalani, kwenye veranda ya shule, juu ya magunia. Ndipo siku moja ukaja na lori kuukuu lililokuwa likibeba kokoto, ukang'oa bodi yake, ukasema, "Nimechoka kulala kwa watu. Nitatembea na kwangu."

Ulijengea kule Sultan Hamud, katika yadi ya rafiki yako Kang'ethe, fundi wa kuchomelea. Tulikuja kukucheka, nawe ukatueleza kwa subira. Chesisi, ule uti wa chuma wa lori, hujipinda barabara ikiwa na mashimo, ulisema, na nyumba ikikazwa juu yake moja kwa moja itapasuka. Kwa hivyo uliweka fremu ya pili, nyuma ukaifunga imara, mbele ukaiachia bolti zenye springi, ili lori lijipinde na nyumba itulie. Madirisha yalitoka kwenye basi lililochoka. Kikombe chako kilining'inia kwenye ndoano. Na pale mlangoni, juu ya ngazi, kila mgeni alivua viatu, hata mchungaji.

"Sasa ukioa," dada Wavinya alikutania, "bibi atajifungulia Kitui ama Makueni?"

"Steringi atashika pia," ukajibu. "Aamue mwenyewe."

Kaka Mutisya hakucheka. "Mwanaume anajenga na matofali. Hiyo ni gari."

Ulipotutoka ghafla, neno hilo la Mutisya ndilo tulilolishika sote. Tuliogopa watu waseme mtoto wa Mutie amekufa bila nyumba. Tukaita mafundi, wakasimamisha chumba cha mabati mbiombio, bila sakafu, na jeneza lako likalazwa humo. Lori tulilisukuma nyuma ya ghala, tukalifunika turubai. Mwaitu, mama yetu Kanini, alisimama akitutazama.

"Mbona mnamtoa kwake?" aliuliza.

Tuliendelea kukaza kamba za turubai. Na katika wasifu wako, uliosomwa mbele ya kanisa zima, tuliandika: "Hakujaliwa kujenga." Ulichomelea, ukapiga randa, ukapaka rangi mbele ya macho yetu. Sisi tunaojivunia Kiswahili chetu tukakosa kitenzi.

Tena hatukuishia hapo. Mwezi uliopita Mutisya aliamua lori libebe mchanga. Alimwita Kang'ethe aje na mashine ya kukata, aiondoe nyumba yako juu ya chesisi. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia asifanye. Walipofungua mlango, Mwaitu alikuwa ndani, amewasha jiko lako la gesi, chai inachemka.

"Karibuni," alisema. "Vueni viatu."

Kang'ethe alivua. Mutisya alibaki kwenye ngazi, mguu mmoja juu.

"Mwaitu, toka kidogo. Tuko na kazi na hii gari."

"Gari iko chini huko. *Vaa ni musyi*," aliongeza kwa Kikamba. "Hapa ni nyumbani kwa ndugu yako. Kama unaingia, vua. Kama huingii, funga mlango, vumbi inaingia kwa chai."

Kang'ethe alikuwa ameshaketi. "Mutisya, uliniambia nakuja kukata gari," alisema. "Sasa nitakataje kwa mtu, na mama yake ako ndani amenikaribisha chai?"

Kaka yetu aliketi kwenye ngazi, akafungua kamba za viatu moja moja. Aliingia na soksi iliyotoboka kidoleni. Sisi wengine tukamfuata. Tulikunywa chai tumebanana, hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake.

Basi pokea marekebisho, Kiema: ulijenga.

Chumba cha mabati tumekibomoa. Mabati yake sasa ni kivuli kando ya lori, ambalo tumelirudisha mbele, karibu nawe. Mutisya ndiye aliyeliosha. Ibada ya kumbukumbu itafanyika hapo Jumamosi hii, na atakayetaka kuingia anajua la kufanya mlangoni.

Wanaokukumbuka ni mama yako Kanini, ambaye siku hizi analala kwako na hataki kuulizwa. Kaka yako Mutisya. Dada zako Wavinya na Nthenya. Rafiki yako Kang'ethe. Na wale wote ambao bado wanachota maji uliyowarudishia.

Utakuwa nasi daima, ndugu yetu. Na hatutakosea tena kwako ni wapi.