Ute wa Miezi Saba

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Natumaini mgongo umepunguza kukusumbua na watoto hawajambo. Mimi nipo, napumua tu. Barua yako imenikosesha raha. Umeandika kwamba mumeo ni mzembe, umechoka na aibu, na mwisho wa mwezi unafungasha virago kurudi kwa mama. Dada, ngoja kwanza. Nisome mpaka mwisho.

Kazi yetu unaijua: mabomba yanayovuta maji ya bahari kupoza mitambo ya umeme. Ndani huota ute, kome hunasa juu yake, mwisho bomba linaziba kama koo lenye mafindofindo. Miaka yote tulitia klorini na kusugua, na mimi, Brashi wao, nilisugua kuliko wote. Si wewe uliyekuwa ukinicheka kwamba nitatoboa sufuria? Mama alitufundisha kwamba chombo kikiteleza mkononi bado hakijaoshwa, nami nikalishika hilo.

Mwaka jana alikuja mtaalamu, mama mmoja mpole, na bakteria aliowatoa kwenye majani ya mwani. Alieleza kwamba wakijishika ndani ya bomba hufanya utando mwembamba, na kome wachanga wakifika hawapati pa kukaa. Tulicheka mpaka basi. Yaani ute uzuiwe kwa ute! Shemeji, mumeo, hakucheka. Alikabidhiwa bomba la majaribio, akatia sahihi, akawalea vijidudu wale miezi saba, akipima joto la maji asubuhi na jioni kama mwenye mtoto mchanga. Hakuota kome hata mmoja.

Kisha wakaja wakaguzi, bomba likafunguliwa, wakalisifu, wakaondoka. Miezi mitatu baadaye kome walikuwa wamejaa tele na pampu ikaungua. Mtaalamu aliambiwa bakteria wake ni porojo, akafungasha chupa zake akilia. Shemeji aliulizwa nani aligusa bomba. Alijibu kwamba msimamizi ni yeye, basi kosa ni lake. Wakamfukuza kazi.

Dada, ni mimi. Asubuhi ile bomba lilipofunguliwa, kabla wakaguzi hawajalikaribia, nilipitisha kidole ndani, kikateleza. Niliona haya wageni wakute uchafu kwenye bomba la shemeji yangu. Nikachukua brashi nikasugua mpaka likang'aa. Wallahi nilitaka asifiwe.

Nilidhani hajui. Siku anaondoka alinishika mkono, akasema taratibu, “Brashi, nililiona linang'aa. Nilitegemea utando utarudi kabla ya kome. Dada yako asijue.”

Nami nikanyamaza, mwoga mkubwa. Ulipokuwa ukimwita mzembe, alikuwa anamficha mdogo wako.

Leo asubuhi nimempelekea meneja maelezo yangu. Sidhani kama watamrudisha, na utando ule hakuna wa kuulea tena. Lakini wewe usifungashe. Mpe barua hii aisome, ukae naye.

Wabusu watoto, mwambie mama namkumbuka. Na shemeji msalimie, kama bado anapokea salamu zangu.

Ni mimi mdogo wako,
Brashi