Magunia Yaliyovimba

Kunpeng, nimeaibika hadi masikio yanachoma!

Unajua shangazi Guilan huichachusha soya kwanza, maana matumbo ya vitoto vyake vya nguruwe yana mzio nayo. Jana nikakuta magunia ya soya hiyo yamevimba kama mito. Mimi mjuaji nikasema imeoza. Nikaimwaga YOTE! Nikavilisha soya kavu.

Leo vinaharisha vyote. Vyote, ndugu yangu!

Nilingoja matusi. Akaniuliza tu, "Mwanangu, unga wa mikate ya mvuke ukiumuka, huwa unautupa?"

Eti unautupa! Na mimi ndiye niliyekuwa nikimwita Bi Harufu kwa ajili ya soya yake!

Kale kadogo nilikokapa jina lako hakajasimama. Nimekapakata hapa bandani, nakanywesha maji kwa kijiko. Shangazi anachachusha nyingine, hata haniangalii.

Usinicheke bado. Kwanza kasimame.